Mwizi wa dawa famasi havunji kufuli

Kila mfumo mpya wa kompyuta unapozinduliwa katika hospitali zetu, kuna kauli moja isiyokosekana kwenye hotuba: sasa wizi wa dawa basi. Kamera zimefungwa stoo, dawa inatoka kwa kubonyeza, daftari la kalamu limestaafishwa, mwananchi atulie. Mimi naiunga mkono mifumo hiyo. Aliyewahi kufanya hesabu kwenye leja iliyofutwafutwa na kumwagikiwa chai hawezi kuitamani tena. Lakini lipo kundi moja la dawa, ambalo mamlaka zetu huliita dawa tiba zenye asili ya kulevya, na kwa kundi hilo ahadi hii inatokana na kutouelewa wizi wenyewe. Mofini, pethidini na fentanili za maumivu makali, pamoja na diazepamu ya kutuliza, kwa kawaida haziibwi na mtu anayeruka ukuta usiku. Huchukuliwa na mwenye ufunguo, saa za kazi, akiwa na koti jeupe, na kila anachochukua kina maandishi yake kitabuni. Ni wizi unaofanywa kwa kalamu kabla ya mkono kugusa chupa. Kompyuta ikija, kalamu inageuka kibodi na wizi unaendelea. Ndiyo maana naona mjadala wetu wa kufuli na kamera umelenga pembeni. Kinachoamua dawa hizi zibaki au zipotee ni nani anazihesabu, na kama huyo anayezihesabu ndiye yuleyule anayezitoa.

Aliyefanya kazi wodini analijua kabati la DDA, jina lililobaki tangu sheria za kikoloni za dawa za hatari. Ni kabati ndani ya kabati, kila moja na kufuli lake. Ufunguo hukaa mwilini mwa muuguzi kiongozi wa zamu. Hauachwi mezani wala kwenye droo. Kando yake kuna kitabu chenye tarehe, saa, jina la mgonjwa, kiasi kilichotolewa, kiasi kilichobaki, sahihi ya aliyetoa na sahihi ya aliyeshuhudia. Ampuli tupu haitupwi kwenye ndoo ya taka. Hurudishwa famasi ihesabiwe ndipo nyingine itolewe. Nyuma ya kabati hilo kuna mkataba wa kimataifa wa mwaka 1961 kuhusu dawa za kulevya na mwenzake wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili, kisha sheria za nchi: Tanzania ina Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, Kenya ina yake ya mwaka 1994, na kila upande una vyombo vinavyokagua majengo, leseni na vitabu. Kwenye karatasi, hakuna bidhaa nyingine hospitalini inayolindwa namna hii. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Dawa hizi zina daftari, tena zuri, na bado hupotea.

Kabla ya kutafuta dawa ya tatizo, tuwatenganishe wezi, maana ni wawili na hawafanani. Wa kwanza anaiba ili auze. Huyu ana mteja nje. Mombasa, kidonge cha usingizi cha Rohypnol kimepata jina la mtaani, bugizi, na dawa ikishapata jina la mtaani ujue imepata soko lisilohitaji daktari. Nigeria mwaka 2018 ilipiga marufuku utengenezaji na uingizaji wa dawa za kikohozi zenye kodeini, baada ya waandishi wa habari kuonyesha jinsi shehena zilivyouzwa kwa mlango wa nyuma na watu wa ndani ya kampuni zenyewe za dawa. Mwizi wa pili anaiba ili atumie mwenyewe, na huyu ndiye tunayemsahau. Mtaalamu wa usingizi, muuguzi wa chumba cha upasuaji, mteknolojia dawa wa zamu ya usiku: hawa wanaishi karibu na dawa kuliko mtu yeyote, wanakijua kipimo, wanaujua mshipa, na siku mgongo unapokataa baada ya zamu mbili mfululizo, nafuu iko kwenye trei. Muuzaji anataka maboksi, kwa hiyo hupotosha hesabu ya stoo. Mtumiaji anataka matone, kwa hiyo hupotosha hesabu ya mgonjwa. Ukaguzi unaomtafuta mmoja humpita mwingine bila kumwona.

Njia zao ni za kawaida mno, na ukawaida huo ndio unaozificha. Chukua nusu inayomwagwa. Ampuli ya pethidini ina miligramu 100. Mgonjwa kaandikiwa 50. Zilizobaki zinatakiwa kumwagwa mbele ya shahidi, na shahidi atie sahihi. Sasa ni saa 9 usiku, wodi ina wagonjwa 40 na wauguzi wawili, na huyo shahidi yuko kitanda cha mwisho akitafuta mshipa wa mtoto. Anaambiwa atasaini baadaye. Asubuhi, wakati wa kukabidhiana zamu, anatia sahihi ukurasa mzima kwa mkupuo mmoja, akishuhudia umwagaji ambao hakuuona. Kanuni imetimia, hesabu inalingana, na miligramu 50 zimeondoka ndani ya mfuko wa koti. Hakuna kamera inayoweza kuliona kosa hilo, kwa sababu kwa mtazamaji kilichotokea ni wauguzi wawili kusaini kitabu, jambo wanalotakiwa kulifanya.

Au chukua mgonjwa aliyekwisha kuruhusiwa saa 4 asubuhi, ambaye kitabuni bado anachomwa sindano saa 8 mchana. Au chupa ya vidonge inayohesabiwa 28 badala ya 30, na mgonjwa gani wa kwetu humwaga vidonge kaunta akavihesabu? Kuna jingine nililoliona likitajwa mara chache sana, nalo ni boksi la dawa zilizochina. Dawa ikipita muda wake hairuhusiwi kutupwa ovyo. Inasubiri kibali, usimamizi na siku ya uteketezaji. Kusubiri huko kunaweza kuchukua miezi. Katika muda wote huo vidonge vinakaa kwenye boksi pembeni ya stoo, vimeshafutwa kwenye hesabu ya dawa hai na havijaingia kwenye hesabu ya dawa zilizoteketezwa. Hapo katikati hakuna anayevidai. Mwizi mwenye subira hana haja ya kugusa rafu. Anaagiza zaidi ya mahitaji, anaacha zichine, kisha anachota kwenye boksi. Na kidonge cha diazepamu kilichopita muda wake kwa wiki tatu hakipotezi mnunuzi mtaani.

Njia mbaya kuliko zote ni ile ya kujaza maji. Mwizi anavuta dawa kwenye ampuli au sindano iliyoandaliwa, anarudishia maji ya chumvi, na mgonjwa anachomwa maji. Hesabu ya chupa inalingana kabisa. Kinachobaki kama ushahidi ni mtu aliyefanyiwa upasuaji akilia usiku kucha huku faili lake likionyesha kwamba alipewa dawa kamili. Ndugu wanaambiwa mgonjwa wenu hana uvumilivu. Nawaomba wauguzi viongozi na madaktari walichukulie hili kwa uzito: maumivu yasiyoeleweka, yanayorudiarudia kwenye zamu ya mtu mmoja, ni taarifa ya upotevu wa dawa hata kama leja haina doa.

Kwamba tatizo liko kwenye mkono unaohesabu, ushahidi mzito ninaoufahamu unatoka New York. Mwaka 2014 waendesha mashtaka wa jiji hilo walimfikisha mahakamani aliyekuwa mkuu wa famasi katika hospitali ya Beth Israel, Manhattan, wakimtuhumu kuchukua takriban vidonge 200,000 vya oksikodoni, dawa kali ya maumivu, katika kipindi cha miaka zaidi ya mitano kuanzia 2009. Hospitali hiyo haikuwa ikitumia daftari la kalamu. Ilikuwa na mfumo wa elektroniki wa kuhesabu dawa hizi, na kwa mujibu wa mashtaka ni mfumo huohuo uliotumika: mkuu yule aliingiza taarifa kwamba vidonge vinapelekwa kwenye famasi ya utafiti iliyo ndani ya hospitali, wakati hakukuwa na utafiti unaovihitaji. Kila kitu kiliandikwa. Tarehe ilikuwepo, idadi ilikuwepo, mahali dawa ilikokwenda palikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa pili, asiye chini ya mkuu huyo, wa kupiga simu famasi ya utafiti na kuuliza, je, vimefika? Swali la dakika mbili halikuulizwa kwa miaka mitano, kwa kuwa mwenye wajibu wa kuliuliza ndiye aliyekuwa akichukua.

Wanaotetea teknolojia watasema huo ulikuwa mfumo wa kienyeji, na kwamba mashine za kisasa zinazotoa dawa kwa alama ya kidole zimeziba tundu hilo. Hoja yao si ya kupuuzwa. Mashine inayoandika nani kafungua, saa ngapi na kwa jina la mgonjwa gani inampa mkaguzi kitu ambacho leja haikuwahi kumpa: uwezo wa kulinganisha. Inaweza kuonyesha kwa sekunde chache kwamba mhudumu mmoja anatoa fentanili mara nne ya wenzake wa wodi ileile. Lakini inaonyesha kwa anayetazama tu. Mwaka 2015 hospitali ya Massachusetts General ya Boston ilikubali kulipa serikali ya Marekani dola milioni 2.3 kumaliza madai ya uzembe wa kulinda dawa hizi. Wauguzi wawili walikuwa wamechukua karibu vidonge 16,000, vingi vikiwa oksikodoni, kwenye mashine za kisasa za kutolea dawa. Mashine haikuficha kitu. Kumbukumbu zilikuwepo zikingoja msomaji. Kwetu kuna tatizo la ziada linalotangulia hata hilo: nywila. Katika vituo vingi akaunti inafunguliwa asubuhi na mtu mmoja, kisha zamu nzima inafanyia kazi humohumo kwa sababu foleni ni ndefu na kompyuta ni moja. Mfumo wa namna hiyo unaandika jina la mtu mmoja kwa kazi za watu sita. Kwa upelelezi, ni afadhali leja ya chai, ambayo angalau ina miandiko tofauti.

Hoja nyingine inayosikika sana ni mishahara: mlipe mtu vizuri, hataiba. Ningependa iwe kweli, na naamini wahudumu wa famasi wanastahili zaidi ya wanachopata kwa sababu zisizohusiana kabisa na wizi. Hata hivyo mkuu wa famasi wa hospitali kubwa ya Manhattan hakuwa fukara, na muuguzi aliyekamatwa na uraibu hapimi sindano dhidi ya mshahara. Mshahara unaweza kumpunguza muuzaji. Kwa mtumiaji hauna la kufanya. Na katika famasi binafsi kuna jambo zito zaidi ya mshahara, ambalo wamiliki hawapendi lisemwe. Duka linalouza diazepamu bila cheti cha daktari mchana, kisha likamwelekeza mfanyakazi aandike cheti jioni ili kitabu kikae sawa, limemfundisha mfanyakazi huyo ufundi wote wa wizi. Limemwonyesha kwamba mgonjwa anaweza kutungwa. Siku atakapotunga wa kwake, mwajiri ataita ni wizi wa mfanyakazi, na kisheria ndivyo ulivyo, lakini darasa lilifunguliwa na mwajiri. Ongeza hapo mfamasia aliyekodisha cheti chake kikatundikwa ukutani wakati mwenyewe yuko mji mwingine. Sheria inamtaka awepo kwa sababu ndiye jicho la pili. Akikosekana, muuzaji wa kaunta anabaki mwagizaji, mpokeaji, mtoaji na mhesabuji, halafu tunamshangaa akijikopesha.

Sasa niifikie hoja ninayoiona dhaifu kuliko zote, na ambayo kwa bahati mbaya ndiyo inayopigiwa makofi: dawa hizi ziondolewe kwenye vituo vya kawaida, zibaki hospitali chache kubwa, au taratibu zake zikazwe hadi isiwe rahisi kwa yeyote kuzipata. Mwenye hoja hii anaona sehemu zisizo na dawa hazina wizi. Ni kweli, kama ambavyo nyumba isiyo na chakula haina panya. Fenobabitoni, dawa ya kifafa ya bei nafuu inayotegemewa na familia nyingi vijijini, nayo imo kwenye orodha ya mkataba wa mwaka 1971. Iondoe kituo cha afya kwa kuogopa wizi, na mtoto ataangukia motoni. Mkataba wa mwaka 1961, ambao watu huudhani ni wa polisi, unatamka kwenye utangulizi wake kwamba matumizi ya kitabibu ya dawa hizi hayaepukiki katika kupunguza maumivu, na kwamba zinapaswa kupatikana kwa ajili hiyo. Tume iliyoundwa na jarida la kitabibu la Lancet ilieleza mwaka 2017 kwamba katika tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini zilipata tani 0.1 tu. Ugonjwa wetu mkubwa ni ukosefu wa dawa hizi. Kuutibu wizi kwa kuongeza ukosefu ni kumwadhibu aliyeibiwa.

Shangazi yangu alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Ijumaa moja jioni, katika hospitali ambayo sitaitaja, maumivu yalimzidi, na mofini ilikuwepo kabatini, tuliambiwa hivyo waziwazi. Aliyekuwa na ufunguo alikuwa amekwenda msibani. Hakuna aliyediriki kuvunja utaratibu, na siwalaumu wauguzi wale. Walijua kwamba ampuli moja isiyo na maelezo ingewagharimu kazi, wakati usiku mmoja wa maumivu ya mgonjwa usingeandikwa popote. Ufunguo ulirudi Jumapili mchana.

Uganda ilichagua njia nyingine na inafaa tuisome kwa makini. Tangu shirika la Hospice Africa Uganda lianzishwe mwaka 1993 na Dk. Anne Merriman, mofini ya kunywa imekuwa ikichanganywa huko kutoka unga, maji, kihifadhi na rangi, kwa gharama ndogo, na mwaka 2004 kanuni zilibadilishwa ili wauguzi na maofisa tabibu waliosomea tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mateso mgonjwa asiyepona, waruhusiwe kuiandika. Waliokazana na hofu walitabiri mafuriko ya uraibu. Tazama lakini ujanja uliomo kwenye umbo lenyewe la dawa: maji yaliyozimuliwa, yenye rangi, ndani ya chupa kubwa ya plastiki. Mtu anayetafuta kitu cha kujichoma hapati mvuto humo, na mtu anayetafuta cha kuuza angebeba madumu. Udhibiti umewekwa ndani ya bidhaa na ndani ya mafunzo ya anayeiandika, badala ya kuwekwa kati ya mgonjwa na nafuu yake. Ni fikra ya aina hiyo ninayoitaka famasini.

Upande wa adhabu, kuna wanaoamini mfano mkali utawatisha wengine. Mwizi anayeuza apelekwe mahakamani, sina ubishi. Ila ukali wa sheria vitabuni hausaidii kitu ikiwa desturi ya kweli ni kumalizana kimyakimya, na desturi ya kweli mara nyingi ndiyo hiyo: mwajiri anaogopa jina la hospitali kuchafuka, mhusika anaambiwa aandike barua ya kuacha kazi, anaondoka na cheti chake safi na anaajiriwa mtaa wa pili. Marekani walijifunza hili kwa gharama ya damu, kwa maana halisi ya neno. Mwaka 2012 iligundulika kwamba fundi mmoja wa kitengo cha moyo katika hospitali ya Exeter, jimbo la New Hampshire, alikuwa akiiba sindano za fentanili, anajichoma, anazijaza maji ya chumvi na kuzirudisha kwa wagonjwa. Alikuwa na homa ya ini aina ya C. Zaidi ya wagonjwa 40 katika majimbo kadhaa waliambukizwa, na mwaka 2013 alihukumiwa kifungo cha miaka 39. Kabla ya Exeter alikuwa amepita hospitali nyingi. Kulikuwa na alikobambwa na dawa, kulikuwa na alikokutwa amezimia chooni, akafukuzwa, na akaajiriwa kwingine. Kila hospitali iliyomwondoa kimya iliokoa sifa yake na kumkabidhi kwa wagonjwa wa hospitali iliyofuata. Kanuni za nchi hiyo zinamtaka mwenye famasi atoe taarifa kwa maandishi ndani ya siku moja ya kazi tangu agundue wizi au upotevu mkubwa. Siku moja inatosha, kwa kuwa taarifa haihitaji kumjua mwizi; inahitaji kujua kwamba hesabu haikulingana.

Lakini taarifa ya namna hiyo haitatolewa mahali ambapo kila upotevu ni jinai ya wa kwanza kuutaja. Na hapa mwizi wa pili, yule mtumiaji, anatulazimisha kufikiri tofauti. Tanzania imekuwa na kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, Muhimbili tangu mwaka 2011, na nyingine zimefuata mikoani. Kwa vijana wa heroini ni hatua niliyoishukuru. Sasa mfikirie muuguzi mwenye miaka 15 kazini aliyenaswa na pethidini. Aende akapange foleni mbele ya dirisha lile, ambako wanaomhudumia alisoma nao na wanaopanga naye amewahi kuwatibu? Hatakwenda. Ataendelea kuandika kwamba amemwaga nusu zisizomwagwa hadi siku atakapokutwa. Majimbo mengi ya Marekani yana mipango ya siri ya matibabu kwa wauguzi na madaktari, ambapo anayejitokeza mwenyewe anaondolewa karibu na dawa, anatibiwa, anapimwa mara kwa mara, na anaweza kurudi kazini chini ya uangalizi. Wapo watakaosema ni kuwabembeleza wezi. Mimi naona ni kumlinda mgonjwa mapema, kwa kuwa mraibu aliyejitokeza leo ni sindano za maji ambazo hazitachomwa kesho. Mabaraza yetu ya kitaaluma ya uuguzi, udaktari na famasi yangeweza kuukubali mlango kama huo bila kusubiri sheria mpya yenye vifungu 100.

Nimewahi kusikia pia malalamiko ya wataalamu wenyewe kwamba kuhesabiwahesabiwa ni kudhalilisha taaluma. Nawaelewa, ila naomba waangalie nani huumia hesabu isipokuwepo. Dawa ikipotea mahali pasipohesabiwa, lawama haitui kwa mwenye cheo. Hutua kwa mfanya usafi, kwa mwanafunzi wa mazoezi, kwa mlinzi wa usiku, kwa yule asiye na wa kumsemea. Mahali ambapo chupa zinahesabiwa kila zamu na watu wawili walioziona kwa macho, upotevu una saa zake, na mwaminifu anaweza kusema kwa ujasiri: nilipokabidhi zilikuwa 14. Sahihi yake ni ngao yake. Ndiyo sababu kusaini bila kuona, jambo linaloonekana ni wema wa kumrahisishia mwenzako, ni kuitoa ngao hiyo bure.

Kwa hiyo kama ningekuwa naandika masharti ya mfumo mpya, ningeanza na mikono kabla ya mashine. Anayeagiza dawa hizi asiwe anayezipokea, na anayezitoa asiwe anayefunga hesabu ya mwezi. Kwenye kituo kidogo chenye watu watatu hili ni gumu, nakubali, na hapo mkono wa tatu lazima utoke nje: mfamasia wa wilaya afike na kuhesabu. Afike bila kupiga simu. Ukaguzi unaotanguliwa na simu ya kuulizia kama mganga mfawidhi yupo ni ziara ya chai. Boksi la dawa zilizochina lifungwe kwa lakiri yenye namba, na namba hiyo iandikwe kwenye kitabu cha wilaya. Ufunguo wa DDA uwe na mrithi anayejulikana kwa kila zamu, misiba ikiwemo. Kila mhudumu awe na nywila yake, na mwenye dhamana ya stoo alazimike kwenda likizo kila mwaka huku mwingine akikaa kwenye kiti chake, kwa sababu wizi wa kalamu unahitaji mwandishi awepo kila siku, na wiki tatu za mtu mwingine huuvua nguo. Anayesifiwa kwa kutochukua likizo miaka sita mfululizo pengine ni mchapakazi kweli. Aende likizo hivyohivyo.

Na ripoti ibebe namba mbili pamoja, zisitenganishwe: ampuli ngapi hazina maelezo, na wagonjwa wangapi walioandikiwa dawa waliipata kwa wakati. Ukimpima msimamizi kwa namba ya kwanza peke yake, atafunga kabati na kuondoka na ufunguo, na takwimu zake zitapendeza. Ningewaomba wakaguzi pia wabadili mahali pa kuanzia. Leo kituo kinachoandika upotevu hukaguliwa na kukaripiwa, na kinachoandika sifuri hupongezwa kikaachwa. Ampuli ni kioo. Huteleza mkononi, hudondoka sakafuni, hupasuka shingo inapokatwa vibaya. Kituo chenye wodi tatu ambacho kitabu chake cha DDA hakijaandika hata ampuli moja iliyovunjika kwa miaka mitatu ndicho ambacho mfamasia wa wilaya angepaswa kukifikia kwanza, asubuhi, kabla ya zamu ya usiku haijaondoka.